Anza na Dumu la Mafuta

Kabla hujanunua raba za mazoezi, kabla hujaulizia bei ya gym kwa mwezi, tafuta namba mbili: mwezi uliopita nyumba yenu ilitumia lita ngapi za mafuta ya kupikia, na kilo ngapi za sukari? Kama mnanunua dumu na mfuko, jibu liko jikoni. Kama mnanunua mafuta ya kupima dukani kwa Mangi, leo robo, kesho nusu, itabidi uandike kwenye daftari kwa wiki mbili kisha uzidishe mara mbili. Ukishapata jumla, gawa kwa siku 30, halafu gawa kwa idadi ya walaji.

Tuchukue nyumba ya watu watano inayomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi. Kila mmoja anapata mililita 33 kwa siku, yaani vijiko viwili vya chakula na ushei. Hizo ni gramu 30 za mafuta, na kwa kuwa kila gramu ya mafuta ina kalori 9, ni kalori 270 kwa siku ambazo hakuna anayezikumbuka akiulizwa leo amekula nini. Nyumba hiyo hiyo ikimaliza kilo 6 za sukari, kila mmoja amepata gramu 40 kwa siku: vijiko 10 vya chai, kalori 160. Sasa shusheni dumu hadi lita 3 na sukari hadi kilo 3, bila kugusa ugali wala wali. Kila mtu pale nyumbani amepungukiwa na kalori 190 hivi kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi hiyo ni kilo moja kila baada ya siku 40. Mwili haufuati karatasi moja kwa moja, maana kadiri unavyopungua ndivyo unavyotumia nguvu kidogo zaidi, lakini mwelekeo ni huo.

Ninaanzia dukani kwa sababu. Miongozo mingi ya kupunguza uzito imeandikwa kwa ajili ya mtu anayejipikia, anayekula sahani yake peke yake na anayeweza kupima wali kwenye mizani ndogo ya mezani. Wengi wetu hatuli hivyo. Ugali unamegwa kwenye sahani moja, mchuzi uko kwenye bakuli moja, na anayetaka kupungua mara nyingi siye anayeshika mwiko. Akijipikia chake pembeni, gesi au mkaa unaongezeka, watoto wanauliza maswali, na baada ya muda si mrefu anarudi kwenye sufuria ya wote. Ndiyo maana namshauri abadilishe sufuria ya wote.

Hapo mazungumzo na mpishi hayaepukiki. Mume aliyetoka kliniki na kutangaza kwamba kuanzia leo humu ndani hakuna mafuta atapikiwa mboga za kuchemsha kwa hasira siku mbili, na ya tatu mambo yatarudi kama zamani. Afadhali aingie jikoni Jumamosi, aunge mboga yeye mwenyewe kwa kijiko, watu wale, waseme. Kama anayepika ni dada wa kazi, usimpe hotuba ya kisukari. Mpe kijiko cha chakula kikae kando ya dumu, na mkubaliane kwamba mboga ya watu watano inaungwa kwa vijiko viwili. Mkono unaomimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hauna kipimo, hata uwe wa nani.

Kuna ambao sufuria hii isiwapunje. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta; uji wake uendelee kuwekwa karanga zilizosagwa, maziwa au kijiko cha mafuta. Mama mjamzito au anayenyonyesha asianze mpango wa kupungua bila kuzungumza na muuguzi wa kliniki. Bibi au babu aliyeanza kukonda mwenyewe aongezewe kwenye bakuli lake, na apelekwe hospitali. Na ukiwa unatumia insulini, au vidonge vya kisukari kama glibenclamide, kula kidogo ghafla huku dozi ikibaki ile ile kunaweza kuishusha sukari mpaka utetemeke, utokwe jasho na uone kizunguzungu. Wewe anza kwa daktari, dumu lifuate.

Upime nini

Chukua futi ya fundi cherehani, simama wima, pumua nje, pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Kipimo rahisi kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye urefu wa sentimita 164, kiuno kisivuke 82. Uwiano wa uzito na urefu, ule unaopigiwa hesabu kliniki ambapo 25 ni kuzidi na 30 ni unene uliopitiliza, una kazi yake, lakini kitambi hausemi kiko wapi. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayoleta kisukari na shinikizo la damu, na hayo huonekana kiunoni mapema kuliko kwenye mizani.

Lengo lisiwe uzito wa picha ya harusi yako. Marekani ulifanyika utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanaelekea kupata kisukari, matokeo yakatoka mwaka 2002. Kundi lililobadili maisha lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa ushauri wa kawaida na vidonge visivyo na dawa. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Jirani huenda asione tofauti. Damu yako itaiona.

Kijiko, kikaango na chapati

Mafuta yote ya kupikia yana kalori sawa: alizeti ya Singida, mawese ya Kigoma, nazi, samli haipungui sana. Dumu lililoandikwa kwamba halina kolesteroli linasema ukweli usiokusaidia, kwa kuwa hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kuhesabika, yawe ya bei yoyote. Kwa moyo, alizeti ni bora kuliko mawese au nazi. Kwa kiuno, hakuna tofauti.

Mboga inaungika vizuri kwa mafuta machache kama sufuria ina kitako kizito na moto ni mdogo. Tia kijiko kimoja, kitunguu kilainike chini ya mfuniko, kikianza kushika ongeza maji kidogo, siyo mafuta. Nyanya ziive mpaka ziwe rojo zenyewe. Zina maji ya kutosha. Tatizo letu ni jicho. Tumefundishwa kwamba mchuzi umeiva pale mafuta yanapojitenga na kuelea juu, kwa hiyo mpishi anatia mengi ili ayaone. Mchuzi mzuri unaweza kuwa mzito bila kung'aa. Nyama yenye mafuta iachwe iive kwa mafuta yake. Mchicha wa karanga hauhitaji kijiko hata kimoja, karanga zinatosha. Na kwa wapenzi wa nazi, ambao ni wengi kuanzia Tanga mpaka Lindi, kikombe cha tui la kwanza ambalo halijatiwa maji mengi kinakaribia kalori 500. Pika samaki kwa tui la pili, na lile zito litiwe kidogo mwishoni kwa ajili ya harufu. Wali wa nazi ule siku yake, usiwe wali wa kila siku.

Chapati ina kesi yake. Gramu 60 za unga wa ngano ni kalori 220 hivi. Weka kijiko kimoja na nusu cha mafuta, kwa kuhesabu yaliyokandiwa, yaliyopakwa wakati wa kukunja na yaliyomwagiwa kwenye kikaango, na umeongeza 180. Chapati moja, kalori 400, na nani anakula moja? Supu na chapati mbili saa nne asubuhi ni zaidi ya theluthi ya kalori ambazo watu wengi wazima wanahitaji kwa siku nzima, na supu yenyewe sijaihesabu. Siwaambii watu waache chapati. Ningekuwa mwongo, na nisingealikwa popote. Ninachosema ni kwamba ziwe na siku, zisukumwe nyembamba, na kikaango kipakwe mafuta kwa kijiko badala ya kumwagiwa. Siku nyingine kitafunwa kiwe kiazi kitamu, ndizi, magimbi au muhogo wa kuchemsha. Kiazi kitamu cha gramu 200 hakifiki kalori 200 na kinakaa tumboni mpaka mchana.

Chipsi nazo: viazi vya kuchemsha havifiki kalori 90 kwa gramu 100, vikizama kwenye mafuta vinafika karibu 300. Ukiongeza mayai mawili yaliyomwagwa juu, hiyo zege ya saa tatu usiku ni chakula cha watu wawili. Igawaneni basi.

Chai

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, yaani gramu 25 hivi, vijiko sita vya chai. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ameshazidisha kabla hajafungua soda. Soda ya mililita 350 peke yake ina gramu 35 mpaka 40.

Ulimi hujirekebisha ukipunguziwa taratibu. Kama ni vijiko vitatu, nenda viwili na nusu kwa wiki mbili, kisha viwili, na uendelee kushuka. Tangawizi, mdalasini, iliki na mchaichai hufanya kazi kubwa hapa, na kwa bahati nzuri tayari viko jikoni. Chai iliyotiwa sukari kwenye birika zima iachwe. Kila mtu ajitilie kikombeni, ndipo utajua nani anakunywa nini. Sukari mbadala za vidonge na vipakiti sizipigii debe: mwaka 2023 shirika hilo hilo lilishauri zisitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito. Asali ni sukari, hata ikitoka Tabora. Juisi ya kusaga yenye sukari juu ni soda iliyovaa kanzu. Embe litafune, usilinywe.

Pombe haikwepi hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi, na nyama choma na ndizi za kukaanga zinazoisindikiza zina zao.

Ugali una kosa gani?

Hauna. Unga wa mahindi una kalori kama 360 kwa gramu 100, dona au sembe, na dona ina nyuzinyuzi zaidi kwa hiyo inashibisha vizuri. Shida ni mlima wa ugali kwa kijisahani cha mboga. Geuza uwiano: mboga za majani na mbogamboga zichukue nusu ya sahani, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama. Kwa nyumba inayokula pamoja, njia rahisi ni kuongeza mafungu ya mboga gengeni. Mlikuwa mnanunua mawili ya mchicha, nunueni manne, na unga upungue kikombe. Bamia, mlenda, nyanya chungu, matembele, kisamvu, figiri: hakuna nchi yenye haki ya kulalamika kwamba mboga ni ghali wakati inazo hizi. Kula mboga na maharage kwanza, ugali ufuate. Ukifanya kinyume utajikuta umemaliza tonge kabla shibe haijafika.

Watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walitoa mwaka 2025 matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Walichukua wanaume 77 wenye afya kutoka mjini na vijijini kaskazini mwa Tanzania. Wa kijijini waliozoea ndizi, maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa wakapewa kwa wiki mbili vyakula vya mjini kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Wa mjini wakapewa vya kijijini. Wiki mbili tu, na damu ya waliohamia mjini kwa tumbo ikaonyesha dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, ile hali inayoandaa njia ya kisukari na magonjwa ya moyo. Kwa waliorudi kwenye vyakula vya kiasili mambo yakaenda upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Chakula cha bibi yako kimepimwa maabara, kikafaulu.

Jambo la mwisho kuhusu sahani ni saa. Anayetoka Posta saa kumi na moja jioni na kufika Mbagala au Kibamba saa mbili usiku anafika na njaa ya kumla mtu. Atakula chochote kilichopo, kingi, kisha alale. Dawa ni kula kitu kidogo kabla ya kupanda gari: karanga za kuchemsha, ndizi mbivu, yai, parachichi nusu. Njaa ikipungua makali njiani, nyumbani utakula kama mtu aliyekaribishwa. Na ulale. Usiku mfupi huongeza njaa ya kesho yake, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta.

Wahadza na mazoezi

Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na Herman Pontzer ilichapisha vipimo vya nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia wawe wanateketeza kalori nyingi kuliko karani wa Marekani anayeshinda kitini. Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, walikuwa karibu sawa. Inaonekana mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine.

Kwa hiyo anayekimbia Coco Beach kila Jumamosi na kumalizia kwa soda na sambusa nne asishangae mizani ikimkodolea macho. Mtu wa kilo 80 anayetembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hutumia takriban kalori 280 kwa saa nzima, na chapati yetu ilikuwa 400. Kitambi huingilia mdomoni na hutokea huko huko.

Je, mazoezi yaachwe? Hata kidogo. Yanashusha shinikizo la damu na sukari hata uzito usipogeuka, yanalinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta, na kwa kuzuia kilo zilizotoka zisirudi, umuhimu wake ni mkubwa mno. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, na siku mbili za kazi ya misuli, ndicho kiwango cha chini. Shuka daladala vituo viwili kabla, au mwendokasi kituo kimoja, uache bodaboda ya kukufikisha mlangoni. Vikundi vya joging vya mitaani, vile vyenye fulana za rangi moja na nyimbo za alfajiri ya wikendi, navisifu kwa sababu moja kubwa: ukikosekana, mtu anakupigia simu. Kwa misuli, kuinuka kwenye kiti bila kushika mara 12, kupumzika, kurudia mara tatu, na kujisukuma ukutani kwa mikono, hakuhitaji kadi ya gym. Mama anayechota maji kisimani na kutwanga ameshafanya. Yeye abaki na somo la mafuta.

Watu

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na vitabu huiruka. Uko kwa mama mkwe. Umekula, umeshiba, naye anakutazama.

"Mkwe wangu, mbona hujala? Au chakula hukukipenda?"

Ukisema uko kwenye dayati, umeharibu. Afadhali: "Nimekula, mama, ahsante, chakula kitamu kweli. Naomba uniongezee mchicha kidogo." Anayeomba nyongeza hawezi kuambiwa hajala, na mchicha haujamwonea mtu. Kwenye harusi, chukua sahani mara moja tu, anzia kwenye kachumbari na mboga, pilau liwe la ukubwa wa ngumi yako, na ukae mbali na meza ya chakula. Kwenye vikao vya maandalizi, ambavyo kwa mwezi vinaweza kuwa vingi kuliko harusi zenyewe, agiza maji kabla mhudumu hajauliza. Chupa iliyo mbele yako huzuia nyingine isiletwe.

Ramadhani wapo wanaoongezeka uzito ilhali wamefunga mwezi mzima. Futari ya kalimati, sambusa, tambi za sukari, viazi vya nazi na maharage ya nazi kwa pamoja ni karamu ya kila siku. Fungua kwa tende na maji na bakuli la uji wa pilipili manga usio na sukari nyingi, sali Magharibi, ndipo urudi mezani. Njaa itakuwa imeshatulia. Kitu cha nazi kiwe kimoja kwa jioni, cha kukaanga kimoja. Daku liwe na maharage au mayai ili mchana usiwe mrefu.

Halafu kuna swali: "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa Kagera mwaka 1983, kukonda hapa kwetu kumekuwa jambo la kunong'onezwa, na kitambi kikabaki cheti cha afya na cha mshahara. Wapo walioacha mpango mzuri kwa ajili ya minong'ono hiyo tu. Jiandae na jibu fupi na la furaha, lirudie kwa kila mtu bila kubadilisha: "Namshukuru Mungu, presha ilikuwa juu, sasa imeshuka." Anayetaka zaidi ya hapo hana nia ya kukusaidia. Lakini ukikonda bila kujaribu, hilo ni jambo jingine, nenda hospitali.

Wanaouza njia ya mkato

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni, nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Mafuta yanabaki yalipo, na ukizoea, utumbo unaweza kusahau kazi yake. Vidonge visivyo na jina la kiwanda ni hatari zaidi: vingine duniani vimekutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo. Kabla ya kumeza chochote, muulize mfamasia kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Sindano mpya za semaglutide ni dawa za kweli na zinafanya kazi, kwa maelekezo ya daktari. Ila wafuatiliaji wa jaribio lake kubwa waliona kwamba mwaka mmoja baada ya kuziacha, watu walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Anayeanza ajue bei ya miaka, siyo ya mwezi.

Na zipo dawa zinazoweza kuongeza uzito: prednisolone, insulini, sindano ya uzazi wa mpango ya Depo, baadhi ya dawa za kufubaza VVU zikiwemo zenye dolutegravir. Ukiona kilo zimepanda tangu uanze dawa, mwambie aliyekuandikia. Usiiache mwenyewe.

Kilo zikishatoka

Kuna orodha inayotunzwa Marekani tangu mwaka 1994 ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Njia zao za kupungua zilitofautiana sana. Za kubaki hapo zikafanana: wengi wao hula asubuhi, hujipima angalau mara moja kwa wiki, hawakai sana mbele ya televisheni, na hufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Waliopungua kwa kishindo wana hadithi nyingine. Washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza unene walipopimwa miaka sita baadaye, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito walioupoteza, na miili yao ilikuwa bado inatumia kalori kama 500 pungufu ya zilizotarajiwa kwa siku. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Hata robo kilo.

Usitegemee mazoea yashike haraka. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu waliokuwa wanajijengea zoea jipya, mtu wa katikati alichukua siku 66 mpaka litoke lenyewe bila kufikiria. Aliyewahi kuliko wote 18, mwingine ilikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Jenga moja, likishashika ongeza jingine.

Jipime asubuhi moja kila wiki, siku ile ile, kabla ya chai, uandike. Weka mstari kilo 2 juu ya uzito uliofikia. Ukivuka, chukua wiki mbili za kuwa mkali, usingoje ziwe 8. Miezi ya hatari inajulikana: Desemba kijijini, mwezi wa harusi ya mdogo wako, kazi mpya yenye kantini, mguu uliovunjika. Na kila baada ya miezi mitatu rudi kliniki na karatasi ya vipimo vyako wapime presha na sukari, kwa sababu dozi iliyokufaa ukiwa na kilo 96 inaweza kuwa kubwa ukiwa na 88. Kuibadilisha ni kazi ya daktari. Usiikate mwenyewe kwa kuwa tu suruali imelegea.